Kabla ya kuuza kisu cha babu

Juma hili naweka pembeni mambo ya daftari na kazi za nyumbani za watoto. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho mama mmoja wa kikundi chetu alikileta kwangu siku ya yenga, baada ya ibada. Amenipa ruhusa kueleza, mradi jina lake lisiandikwe.

Alikuja na kikapu. Juu kulikuwa na majani ya sombe, chini kitenge cha zamani kilichoviringwa na kufungwa kwa kamba. Sombe ilikuwa ya kuficha macho ya watu njiani. Alipofungua kitenge, nilirudi nyuma hatua mbili. Kilikuwa kisu kirefu, kimepinda kama mundu.

Hapa Bunia mtu haonyeshi chuma chenye makali ovyo. Sisi tuliokuwa watoto mwaka 2003 hatuhitaji kuelezwa chuma kinaweza kufanya nini, na wale waliokimbia Djugu miaka ya karibuni hawahitaji pia. Mama aliona uso wangu, akasema: "Madamu, usiogope. Hiki hakijakata mtu. Hata sombe hakikati."

Huyu mama ni mjane. Alipokimbia alibeba watoto, sufuria moja, nguo kidogo, na kisu hiki. Marehemu mume wake alikuwa akimwambia siku zote kwamba ni kitu cha babu, kisiachwe. Zaidi ya hapo hakueleza, naye hakuuliza.

Sasa watu watatu wamempa mashauri matatu. Jirani amemwambia akitupe chooni usiku, maana nyumba ikikaguliwa watasema anaficha silaha. Mtu mmoja wa kikundi cha maombi amemwambia akichome moto, kwamba ndani yake mna mizimu. Na kijana anayepita mitaani akinunua vitu vya zamani amemwahidi dola 30, mkononi, siku hiyo hiyo. Binti yake wa kwanza yuko darasa la sita la sekondari, na feza za Egzamen ya Taifa hazijatimia. Akaniuliza: "Madamu, wewe umesoma. Nifanye nini?"

Sikumjibu pale pale. Nilimwomba anipe siku chache na amwite shangazi wa watoto, yaani dada ya marehemu. Haya ndiyo niliyomweleza yeye, nami nawaeleza ninyi, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye kitu kama hicho chini ya kitanda.

Kwanza tukiangalie chenyewe. Urefu wake ni kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kutoka kwenye mpini chuma kinapanda, halafu kinapinda. Katikati mna mfupa mwembamba ulioinuka, kama ule wa jani la muhogo. Mna matundu mawili madogo yaliyotobolewa kwa ustadi. Mpini ni wa mti, umezungushiwa waya mwembamba wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuacha nafasi. Mwisho wake kuna kifundo cha mviringo. Aliyekitengeneza hakuwa na haraka.

Visu vya umbo hili ni vya ndugu zetu Wamangbetu, wa upande wa Isiro, Rungu na Niangara. Leo tunasema hiyo ni Haut-Uélé, jimbo lingine. Lakini hadi mwaka 2015 Ituri na Uélé zote zilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, na watu wameoana na kufanya biashara tangu zamani kabla ya mipaka hiyo.

Mwaka 1870 Mjerumani mmoja, mtaalamu wa mimea, jina lake Georg Schweinfurth, alifika kwa mfalme wa Wamangbetu aliyeitwa Mbunza. Aliandika kitabu juu ya safari yake na kumchora mfalme akiwa amekaa amevaa mapambo yake yote. Katika mkono wa kuume mfalme ameshika kisu kilichopinda kama hiki. Schweinfurth aliandika kwamba kisu hicho kilikuwa cha shaba tupu.

Hapo, wamama, tusimame kidogo. Ninyi mnakata nyama na mihogo kila siku. Mnajua kisu kizuri lazima kiwe kigumu ili makali yadumu. Shaba ni laini. Ukinoa kisu cha shaba asubuhi, kufika mchana kimekuwa butu. Je, mfalme mwenye wahunzi hodari kama wale hakujua? Alijua. Kisu chake hakikuwa cha kukata. Kilikuwa cha kusema. Kilisema: mimi ni mwenye nchi, nina wahunzi, nina shaba iliyotoka mbali kwa njia za biashara, na sina haja ya kupigana ili mniheshimu.

Chuma chenyewe kilikuwa mali. Hakikununuliwa dukani. Watu walichimba mawe yenye chuma, wakayachoma kwa makaa ndani ya tanuru la udongo huku wengine wakivukuta hewa, halafu mhunzi akaponda na kuponda. Leo fundi wetu anachukua resori ya gari la zamani na kupata jembe au kisu kabla ya jua kuzama. Zamani chuma kidogo kilikuwa jasho la watu wengi. Ndiyo maana kwa Wazande, majirani wa Wamangbetu, mahari ilihesabiwa kwa mikuki ya chuma, kama mikuki 20 kwa msichana mmoja. Kama vile ng'ombe kwa wafugaji wetu wa Ituri, chuma kilikuwa benki ya familia, na kilitembea pamoja na ndoa za mabinti.

Jambo hili haliko kwetu tu. Huko Japani, mbali sana, mashujaa wa zamani walioitwa samurai walivaa panga mbili kiunoni. Upanga mmoja ulipita mikononi mwa mafundi wengi. Mmoja alifua chuma, mwingine alinoa, mwingine alichonga ala ya mti. Mwingine alifunika mpini kwa ngozi ngumu ya samaki na kuufunga kwa kamba za hariri. Mwingine tena alifanya mapambo peke yake: kibamba cha mviringo kinachokinga mkono, ambacho wao wanakiita tsuba, na vipambo vidogo vya kuingiza chini ya kamba za mpini. Kwenye kibamba kisichozidi kiganja cha mtoto waliweza kuweka ndege, maua, mawimbi ya maji, kwa shaba, feza na dhahabu.

Mapambo hayo yaliweza kutolewa na kubadilishwa. Chuma kile kile kilivikwa nguo ya vita au nguo ya sherehe, kama sisi tunavyobadili kitenge cha shamba na kitenge cha arusi. Na ukitoa mpini, ndani yake, juu ya mkia wa chuma, mara nyingi utakuta jina la mhunzi limechongwa. Jina linakaa mahali ambapo hakuna anayeliona mpaka aulize.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza watu kutembea na panga hadharani, isipokuwa askari na wakubwa katika sherehe. Wale mafundi wa mapambo walikosa wateja. Wengi wakageuza mikono yao, wakafanya vyombo vya maua, masanduku madogo na vitu vya kuvaa, na vingi viliuzwa kwa wageni. Baada ya vita ya 1945 Wamarekani walioshika nchi walikusanya panga nyingi sana, na nyingi ziliharibiwa. Wajapani wakaomba: si zote ni silaha za vita, nyingine ni kazi za sanaa na urithi wa familia. Wakakubaliwa. Hadi leo upanga wa zamani kule una karatasi yake ya serikali. Mwenye nyumba anauweka bila hofu kwa sababu umeandikishwa.

Kwetu pia wageni walibadilisha kazi ya mafundi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1915 watu wawili kutoka makumbusho ya New York, Herbert Lang na James Chapin, walizunguka sehemu zetu. Walitafuta okapi, yule mnyama wa msitu wa Ituri, na wanyama wengine. Lakini walikusanya pia karibu vitu 4,000 vya mikono ya watu, vingi kutoka Niangara na kandokando. Wataalamu wawili, Enid Schildkrout na Curtis Keim, walivichunguza baadaye, na mwaka 1990 wakavionyesha pamoja na kitabu. Walionyesha kwamba vile vitu vya Wamangbetu vyenye kichwa cha mtu, kile kichwa kirefu cha nyuma, viliongezeka sana wakati wa ukoloni kwa sababu wazungu walivipenda na kuviagiza.

Kwa hiyo ukiona kisu cha pembe ya tembo chenye kichwa cha binadamu kwenye mpini, usidhani lazima ndicho cha zamani kuliko vyote. Inawezekana kilichongwa kwa ajili ya mgeni. Na kile chenye waya wa shaba na kifundo tu, ambacho mnunuzi anakidharau mbele yako ili ashushe bei, kinaweza kuwa ndicho kilichokaa katika nyumba ya watu.

Sasa turudi kwa mama yetu. Shangazi alikuja kwangu siku ya tatu jioni. Ni mama mzee, anatembea kwa fimbo. Nilimwekea kiti, nikamwekea kisu juu ya meza bado kimeviringwa, nikamwomba afungue mwenyewe. Alikishika muda mrefu bila kusema. Halafu akamwambia wifi yake: "Nani alikwambia hiki ni cha babu? Hiki ni cha mama yangu."

Ndipo tukasikia. Mama yake, yaani mama mkwe wa huyu mjane, alizaliwa upande wa Niangara. Kisu kilikuwa kimeingia kwao pamoja na vitu vya mahari, wakati dada ya baba yake alipoolewa. Mama mkwe alipokuja kuolewa huku, mbali na watu wake, baba yake alikitoa akampa. Akamwambia: ukifika kule wasikuone kama mtu aliyeokotwa njiani, uwaonyeshe hiki, wajue una kwenu. Alikitundika ukutani miaka yote. Alipokufa, mtoto wake wa kiume alikichukua, na kwa kuwa ni kisu, kila mtu akadhani ni kitu cha wanaume.

Mjane alilia. Akasema: "Miaka yote nimeogopa kitu cha mwanamke mwenzangu."

Wamama, hilo ndilo nililotaka kusema juma hili. Kitu cha zamani kisichokuwa na maneno yake kinakuwa chochote ambacho mtu mwingine anataka kiwe. Kwa jirani kilikuwa silaha, kwa mtu wa maombi kilikuwa mzimu, kwa kijana wa biashara kilikuwa dola 30. Shangazi peke yake ndiye aliyejua jina lake, na shangazi ana miaka mingi. Tungechelewa kidogo, hakuna ambaye angeweza kutujibu.

Mwezi wa pili wa 2022 Ubelgiji iliipa serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo katika makumbusho yao. Tunafurahi kwamba mazungumzo ya kurudisha yameanza, na Kinshasa kuna Makumbusho ya Taifa mapya, yaliyofunguliwa 2019 kwa msaada wa Korea ya Kusini. Lakini vitu vingi vya namna hiyo viliondoka bila jina la aliyevifanya wala la nyumba vilimotoka. Kitu kinaweza kurudi kwa ndege. Maneno ya shangazi hayarudi.

Sasa nijibu yale mashauri matatu.

Kwa jirani aliyesema kitupwe: hofu yake ina sababu, tusimcheke. Lakini kuficha ndiko kunakoleta mashaka. Mama alikwenda na shangazi na mashahidi wawili kwa chefu wa mtaa, wakamwonyesha kisu mchana, wakaeleza ni urithi, na wakaomba iandikwe. Wajapani walifanya hivyo kwa nchi nzima, sisi tumefanya kwa avenue moja. Nyumbani kifungwe vizuri na kiwekwe juu, mbali na mikono ya watoto. Butu au la, chuma ni chuma.

Kwa mtu wa maombi: imani ya kila mtu ni yake. Mimi ninasema tu kwamba kushika zawadi ya baba kwa binti yake si kuabudu. Mwenye wasiwasi aongee na pasta au padri wake mwenyewe, asikimbilie moto kwa neno la mtu mmoja. Kilichochomwa hakiombewi msamaha.

Kwa kijana wa biashara: kuuza si dhambi, na sitamhukumu mama anayeuza ili mtoto asome. Lakini kuuza kuna utaratibu. Mjane asiuze kitu cha ukoo bila ukoo kujua, maana kesho ataitwa mwizi katika nyumba aliyoilinda. Piga kwanza picha, mbele na nyuma. Usikubali bei ya siku ya kwanza, na usiuze siku yenye njaa kali kama unaweza kungoja kesho. Omba karatasi yenye jina la mnunuzi na tarehe. Na kama mpini ni wa pembe ya tembo, jihadhari sana: tangu 1990 biashara ya pembe kati ya nchi na nchi imekatazwa na mapatano ya dunia. Mnunuzi atapita mpaka na kutoweka, na maswali yatabaki kwako.

Jambo la mwisho ni usafi, kwa sababu najua mikono yetu wamama haipendi kutu. Msisugue. Si kwa mchanga, si kwa majivu, si kwa waya wa sufuria, si kwa limau. Wajapani wanaacha kutu ya mkia wa upanga, ule unaoingia ndani ya mpini, kwa sababu rangi yake inamwonyesha mtaalamu umri wa chuma, na kuisugua kunaweza kufuta jina. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kwenye chuma tu paka mafuta mepesi kidogo sana, yale ya mashine ya kushonea, kisha futa tena. Mawese hapana, yanaganda na kuita wadudu. Mti na waya wa mpini viache bila mafuta. Usiweke ndani ya mfuko wa plastiki, unyevu utakaa humo. Kitambaa cha pamba kikavu kinatosha, mbali na moshi wa jiko.

Mtauliza: na Egzamen ya binti? Shangazi alifungua kifundo cha kitenge chake akatoa sehemu. Sehemu nyingine mama alikopa katika AVEC ya kikundi chetu. Deni lipo, bado hajalipa, na sitadanganya kwamba ni jepesi. Kijana wa biashara alirudi, akapandisha hadi dola 50. Mama alimwambia: "Si sasa." Hakusema hapana ya milele. Siku moja anaweza kuuza. Lakini akiuza, atakuwa anauza kitu anachokijua.

Binti yake alikaa miguuni pa shangazi jioni mbili na kuandika yote katika daftari la mistari: jina la mama mkwe, jina la baba yake, kijiji, mahari ile, ndoa ile. Kurasa nne. Daftari sasa linakaa ndani ya kitenge kimoja na kisu.

Nyumbani kwenu huenda hakuna kisu. Huenda kuna kinu, kiti cha miguu mitatu, bangili, kibuyu, mkuki uliovunjika. Kabla ya mkutano wetu wa siku ya tatu ijayo, kila mama achague kitu kimoja cha zamani na amuulize mzee wa nyumba: kilitoka wapi, nani alikileta, alikuwa anakwenda wapi? Njoo na majibu, hata kama ni maneno matatu. Mimi nitakuja na daftari na kalamu.